Naomba ushauri: presha kuka ya gesi au ya umeme?

Habari zenu wapendwa. Maharage yananimalizia gesi, mtungi wa kilo 6 haumalizi mwezi. Nataka presha kuka ya lita 6, tupo watano nyumbani. Ya umeme naipenda kwa sababu inajizima yenyewe, ila huku kwetu umeme unakatika sana.

Halafu naogopa, jamani. Dada yangu alijaza maharage mpaka juu, maganda yakaziba tundu la mvuke, naye akalazimisha mfuniko kabla presha haijaisha. Mchuzi ulimrukia mkono mzima, kovu analo hadi leo.

Wenye uzoefu, maharage mnajaza nusu tu? Makongoro dakika ngapi? Na mpira wa mfuniko ukichoka, mnapata wa kubadilisha?