Ziara ya Posta kwa simu: sauti zinajiwasha mahali pasipo pake

Mwalimu_Historia
Habari za jioni wakuu. Naandaa ziara ya miguu ya Posta, katikati ya Dar es Salaam, kwa kidato cha pili, wanafunzi 30: Boma la Kale, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Azania Front, Sanamu ya Askari, halafu Samora mpaka Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea. Maelezo nimerekodi mwenyewe kwa Kiswahili na kuyaweka kwenye programu ya ziara za sauti. Simu ni moja kwa kila wanafunzi watano, na sauti inatakiwa ijiwashe kikundi kikifika. Kwenye majaribio mambo matatu yamegoma. Sauti ya Azania Front inaanza wakati kanisa lenyewe bado halijaonekana vizuri. Ya Sanamu ya Askari haiwaki kabisa simu ikiwa mfukoni. Na kituo cha Makumbusho hakionekani Dar nzima. Duara la kila kituo, lile ambalo simu ikiingia sauti inawaka, nimeweka mita 100. Nirekebishe wapi?

Ramani_Mkononi
Mwalimu, tuanze na hicho kilichopotea, ndicho chepesi. Dar iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ya katikati ya mji ni -6.8 na longitudo ni 39.28 na ushee. Ukisahau alama ya kutoa, kituo kinahamia Ethiopia. Ukizibadilisha nafasi kinaangukia Hispania, na hilo huwapata sana wanaoandika faili la KML (faili la alama za ramani) kwa mkono, maana KML hutaka longitudo itangulie. Weka tarakimu 5 baada ya nukta. Tarakimu ya 4 ni hatua ya mita 11 hivi, ya 5 ni mita 1.

Mita 100 ni duara kubwa mno kwa Posta, lakini pia usiweke kipimo kimoja kila mahali. Sokoine Drive upande wa bandarini kuko wazi, simu inaziona setelaiti nyingi, hivyo mita 25 hadi 30 zinatosha. Ukiingia Azikiwe na Samora, mawimbi yanagonga kuta za maghorofa kabla ya kufika kwenye simu, nayo inadhani umesimama mtaa wa pili. Huko weka 40 hadi 50.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuweka alama juu ya paa la jengo. Alama iwekwe pale msikilizaji anapotakiwa kusimama. Kwa Boma la Kale, iweke mahali wanapouona mlango wa nakshi na ukuta kwa pamoja. Kwa Sanamu ya Askari, iweke kwenye njia ya miguu kwenye kona ya Samora, wala si katikati, kwa sababu magari yanaizunguka pande zote. Kutoka pembeni wanaona vizuri singe ya bunduki ilivyoelekezwa bandarini. Kusoma maandishi ya kwenye sanamu, wavushe wewe, kikundi kimoja kimoja.

Simu kunyamaza mfukoni ni suala la betri. Skrini ikizima, Android inakata lokesheni kwa programu isiyo na ruhusa kamili. Ingia Mipangilio, Programu, chagua programu yako, Ruhusa, Mahali, weka "Ruhusu wakati wote". Kisha kwenye betri, iondolee vizuizi. Simu nyingi za bei nafuu zina kisafishaji chake kinachozima programu za nyuma, na hicho nacho kiambie kiiache. Rudia kwa simu zote sita, usijaribu moja ukaridhika.

Mwalimu_Historia
Asante sana mkuu, alama ya kutoa ndiyo iliyokosekana. Swali jingine: sauti ya Boma ina dakika 5. Nikate?

Mtaa_wa_Kisutu
Kata, Mwalimu. Mwanafunzi aliyesimama juani anasikiliza dakika 2, baada ya hapo anaangalia daladala. Kwa Boma inatosha kusema lilijengwa 1866 hadi 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultan Majid bin Said wa Zanzibar, kwamba kuta ni mawe ya matumbawe, na kwamba Majid alifariki 1870 mji wake ukiwa haujakamilika. Kisha waambie wanyamaze na waangalie ukuta. Hiyo sekunde 20 ya ukimya iweke ndani ya rekodi yenyewe.

Pale kwa Askari usiishie kwenye mwaka wa 1927 ilipozinduliwa. Kabla yake palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, na wazee wa mjini jina hilo walilitamka Bismini, likabaki kuwa jina la mahali hata baada ya sanamu yake kuondolewa. Halafu maandishi ya pale yanawataja wapagazi pamoja na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapo ndipo pa kuwaeleza kwamba Kariakoo imetokana na Carrier Corps, kikosi cha hao hao wapagazi. Mtoto anayeshuka Kariakoo kila siku ataielewa ile sanamu kuliko ukimsomea tarehe kumi.

Angalia pia majina ya barabara. Ukiwa umechota maelezo kwenye vitabu vya zamani utakuta Acacia Avenue au Independence Avenue. Zote ni Samora ya leo. Taja jina la sasa kwanza, la zamani lifuate, la sivyo wataitafuta barabara isiyokuwepo kwenye kibao.

Rekodi kwa mono (sauti ya njia moja), kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika moja ni kama kilobaiti 480, hivyo vituo sita vya dakika mbili mbili ni megabaiti 6 tu. Pakueni shuleni, msitegemee bando barabarani.

Kivukoni_Asubuhi
Naongezea ya barabarani. Anzeni saa 2 asubuhi Jumamosi. Jumapili makanisa yote mawili yana ibada. Wapeni karatasi yenye vituo vilivyoandikwa namba 1 hadi 6, na kwenye programu namba ziwe hizo hizo, ili lokesheni ikigoma wabonyeze kwa mkono. Ramani ya akiba iwe Organic Maps, inafanya kazi bila intaneti na inapokea faili lako la KML.

Picha za bandari, Ikulu na maeneo ya jeshi hapana, waambieni kabla ya kutoka shuleni. Wanaotumia visikilizi waache sikio moja wazi, bodaboda Samora hazipigi honi kila mara. Na aliyeshika simu atembee upande wa ukutani, aitoe mkikaa kituoni tu, kwa sababu wakwapuzi wa pikipiki hupita ukingoni mwa barabara.