Kisima Jambiani: nipime kwa nyundo au kwa umeme?

Mwana wa Uwanda: Asalam alaykum. Nachimba kisima mwezi ujao. Wapimaji wawili: mmoja anagonga bamba la chuma kwa nyundo na kunasa mtetemo kwa vipokezi, mwengine anapitisha umeme ardhini. Nimchukue nani?

Fundi Keekee: Mbali kiasi gani na pwani? Jirani anachota maji gani? Hujasema kitu.

Mwana wa Uwanda: Mita 300. Jirani hana kisima.

Fundi Keekee: Basi umeme. Hapo maji baridi yameelea juu ya maji ya bahari. Yakipanda mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake huwa kama mita 40, kwa hesabu ya vitabuni. Ukizidisha kuchimba, unavuta chumvi. Umeme unaiona chumvi. Nyundo haiioni, wimbi linapita penye maji baridi na penye chumvi kwa kasi inayokaribiana.

Hisabati Wete: Umeme nao hudanganya, udongo wa mfinyanzi uliolowa unaweza kusomeka kama chumvi. Lakini nyundo ilitutia hasara. Shamba la mjomba, Micheweni, mtaalamu (simtaji) kaja na picha ya rangi: mwamba mita 19. Tukanunua mabomba ya mita 19. Keekee ikagonga jiwe mita 11, jino likakatika, mjomba kakaa juu ya mabomba yake anatutazama tu. Kumbe programu iliichukulia ardhi kama kengele, ukigonga inarudisha mtetemo hapo hapo bila kuumeza. Lile tope ni godoro: ukiinuka, shimo linabaki kitambo ndipo lijae. Ardhi ya hivyo ina kumbukumbu, mbano wa sasa unategemea na iliyotangulia. Mitetemo ya haraka inamezwa kwanza, wimbi linafika limelegea, na ule uchelewaji ukahesabiwa kuwa ni kina.

Bi Shangani: Tope la Micheweni na mawe ya Jambiani wapi na wapi?

Hisabati Wete: Bi mkubwa, mawe yana mapango, ndiyo mabaya zaidi. Ardhi mbili tofauti zinaweza kutoa mtetemo ule ule. Hadamard, mwanahisabati Mfaransa, alitaka jawabu la hesabu liwepo, liwe moja, na kosa dogo la kipimo lisilipindue; kwa nyundo peke yake haliwi moja. Apime kwa vyote viwili.

Fundi Keekee: Pesa utampa wewe?

Babu Pwani: Sisi tulichimba penye mkuyu.

Bi Shangani: Mikuyu yenyewe mmeimaliza kwa makaa, babu.

Babu Pwani: Makaa ni nyinyi wa mjini mnayonunua.

Mwana wa Uwanda: Nilisahau, nyuma ya kiwanja kuna pango lina maji, watoto wanaoga.

Fundi Keekee: Subhanallah! Umeyaonja? Bahari ikijaa au ikikupwa?