Njia ya kuingilia kwako: wewe na jirani mlimalizanaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za muda huu. Yamenikuta.

Nina kiwanja Goba, nilinunua 2016, hakijapimwa. Siku ya mauziano muuzaji alinyoosha mkono: "Gari itapita hapa mpaka getini kwako." Karatasi ya serikali ya mtaa imeandikwa "kaskazini: njia", basi. Upana hakuna. Mwaka jana wa mbele yangu kauza, aliyenunua akamwaga tripu mbili za mawe na kuinua msingi. Imebaki nafasi ya bodaboda. Boza la maji linasimama barabarani, mpira wake unaishia kwenye mwembe wa jirani, kutoka hapo ni ndoo kichwani. Mjumbe kazi yake "ongeeni tu, nyie majirani". Nyie mlifanyaje?

Mzee wa Igoma: Pole mkuu. Usithubutu kugusa ukuta wake, utageuka mshtakiwa wewe. Mimi nilianzia baraza la kata. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 wale hawaamui tena, wanapatanisha, na wana siku 30. Tukashindwana, nikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Aliyenibeba ni mama muuza maandazi, yupo pale tangu sijaoa. Aliieleza ile njia mti kwa mti, mpaka wakili wa upande wa pili akaacha kumuuliza. Tulikuwa tumeipita waziwazi zaidi ya miaka 20, na Sheria ya Ukomo, ile ya muda wa madai, inautambua muda huo kuwa unatoa haki ya njia. Nilishinda, ila nauli za kwenda na kurudi, acha tu.

Wa Ruiru: Huku kwetu Kenya shida ni kamati ya estate. Nilihamisha geti upande wa kona, nikang'oa kabro (matofali ya kusakafia njia), nikamwaga kifusi gari ipande. Wakaniambia nirudishe. Nilipandwa na hasira, lakini ukweli ni kuwa nilikuwa nimeziba mtaro, na mvua ya Aprili ikaingia sebuleni kwa mama wa nyumba ya pili. Nilirudisha. Mwenyekiti bado hatusalimiani.

Mpemba wa Houston: Afadhali nyinyi mnagombana uso kwa uso. Mimi niliongeza zege futi 4 ili gari ya pili ipate pa kulala, ikaja barua ya chama cha wenye nyumba: hukuomba ruhusa. Nikapeleka ramani ya kiwanja kujitetea. Kumbe ramani hiyohiyo ina mstari wa vitone, ukanda wa futi 10 wa mabomba na nyaya! Ardhi yangu, kodi nalipa mimi, lakini wenye mabomba wana haki ya kuja kuchimba. Zege nililivunja mwenyewe.

Mleta mada: Ahsanteni. Muuzaji nimempata, yuko Mkuranga, atakuja kutoa ushahidi nikimtumia nauli. Jirani naye kalegea, anataka ninunue kwake mita mbili. Inauma kulipia njia mara ya pili. Jumamosi tunapima mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tepu nimeshanunua. Nitaleta mrejesho.