Gaina ninywe kabla ya tizi au baada? Miezi miwili linalojaa ni tumbo tu

mtu_wa_tandika
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada wenye uzoefu na gaina, hivi vinywaji vya unga vya kujaza mwili. Nina miaka 24, kilo 58, nimeanza kupiga chuma huu mwezi wa pili. Jamaa pale jimu akaniambia bila gaina sitoboi, nikajichanga nikanunua kopo la kilo 3. Nikitoka dukani Kariakoo jioni nakoroga skupu mbili (kile kijiko cha kupimia cha ndani ya kopo) na maziwa, nakunywa, nusu saa baadae niko kwenye vyuma. Sasa nikilala tu kwenye benchi tumbo linanguruma, gesi, mara mbili nimeacha seti katikati nikakimbilia chooni. Nikirudi nyumbani nimeshiba, cha usiku sili tena. Kilo imeongezeka moja na nusu ila mkono ule ule. Nihamishie baada ya mazoezi? Wanasema ikipita nusu saa baada ya tizi imekula kwako, ni kweli?

baba_chuma
Mdogo wangu pole, hela yako inauma najua. Hiyo nusu saa wameikuza sana, ukishapiga chuma misuli inaendelea kupokea protini siku nzima na zaidi, kwahiyo kabla au baada sio shida yako kabisa. Shida yako ni kwamba kopo limekula sahani yako ya usiku!! Geuza kopo usome nyuma, gaina nyingi kiambato cha kwanza kimeandikwa maltodekstrini, yani wanga, protini inafuata kwa mbali. Anayejenga misuli anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wewe wa kilo 58 ni gramu 93 hivi. Piga hesabu na mimi: mayai matatu 18, maziwa nusu lita 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, samaki wa gramu 150 kama 30, na ugali wako wa sahani kubwa nao una zake kumi na kitu, umeshafika na hujagusa kopo. Unga unywe siku umebanwa na kazi hujala, na uwe wa wei, yani protini ya maziwa, skupu moja inakupa gramu 20 mpaka 25. Halafu andika uzito unaobeba kwenye daftari, kama benchi ni kilo zile zile toka mwezi jana hakuna kinywaji kitakachokuza mkono.

dada_wa_lishe
Naongezea hapo kwenye tumbo maana kaka kapita haraka. Watu wazima wengi huku kwetu tumbo halimengi vizuri sukari ya maziwa, laktosi, na wei ya bei ya kawaida, ambayo ndiyo protini ya gaina nyingi, ina laktosi yake, wewe ukakorogea tena na maziwa, zimekuwa mbili. Jaribu wiki moja na maji matupu. Ikitulia umeshajua, kunywa mtindi badala ya maziwa, wengi wanauvumilia. Ikikataa bado, punguza iwe skupu moja na unywe ukishamaliza mazoezi, maana kulala chali na tumbo limejaa hata uji ungekusumbua. Na tafadhali, kama kwenu kuna mwenye kisukari au wewe una shida ya figo nenda kapime kwanza kabla ya kuendelea, ule wanga unapandisha sukari haraka mno.

kijana_mwembe
Mimi nilikula hasara kwenye unga wa kupimiwa kwenye nailoni, rahisi kweli kweli, kumbe siku ya tatu natapika. Nunua kopo lenye sili na tarehe, basi. Ukibakiwa na hela chukua kreatini monohidreti, ule unga wa kuongeza nguvu ya misuli, gramu 3 mpaka 5 kwa siku saa yoyote, utaongezeka kilo moja au mbili mwanzoni ni maji ya ndani ya misuli usishtuke.

mtu_wa_tandika
Asanteni sana wakuu, dada shukrani. Nimegeuza kopo kweli nimekuta maltodekstrini ya kwanza kabisa, nilikuwa sijawahi kusoma. Jana nimekoroga skupu moja na maji, nimekunywa baada ya tizi, tumbo kimya, na saa tatu usiku nimekula ugali na dagaa nikamaliza sahani. Kreatini naisubirisha kwanza. Baba chuma, swali la mwisho, kwenye benchi niongeze kilo ngapi kwa wiki?

baba_chuma
Mbili na nusu, na ukishindwa kufikisha marudio nane rudi chini, wiki ijayo jaribu tena.