Muziki kwenye Honda CG125 ya zamani: spika ya Bluetooth, seti ya usukani, au amplifaya yenye betri yake?

MzigoWaMoro (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Honda CG125 niliyoachiwa na marehemu baba. Alikuwa bwana shamba, na pikipiki hii ndiyo iliyomfikisha kwa wakulima wake miaka yote ile. Injini nimeshaifungua, nimeweka ringi mpya, kabureta nimeisafisha, na sasa inawaka kwa kiki ya pili. Mara tatu kwa wiki natoka Morogoro mjini hadi Dumila na kurudi. Mzee alikuwa na redio ndogo ya betri kavu, anaifunga kwa mpira kwenye keria. Watoto tulikuwa tunajua amefika kwa kusikia taarifa ya habari kabla hata injini haijasikika vizuri. Nataka kuirudishia pikipiki sauti yake, ila kwa vifaa vya sasa.

Njia nilizoziona madukani ni tatu. Kuna spika ya kawaida ya Bluetooth yenye betri yake ndani, naifunga kwenye usukani na kuichaji kwa USB. Kuna zile seti za bodaboda: spika mbili za usukani, redio ya FM, sehemu ya fleshi, pamoja na alamu na rimoti yake. Ya tatu ni amplifaya ndogo inayojitegemea na spika mbili za inchi 4, nikazipachika kwenye boksi nyuma.

Boksi la hiyo seti ya bodaboda limeandikwa wati 600. Pikipiki ni ya volti 12, betri yake ni 5Ah (ampea-saa), na taa ya mbele hufifia injini ikiwa imetulia. Naogopa kuua umeme wa pikipiki ya mzee. Aliyewahi kufanya kazi hii alichagua ipi, na kwa nini?

FundiWaya_Mbagala

Mkuu, pole kwa mzee. Tuanze na hesabu kabla ya kwenda dukani.

Wati 600 ukigawanya kwa volti 12 ni ampea 50. Fyuzi kuu ya pikipiki ndogo kwa kawaida ni ya 10 au 15. Kwa hiyo namba ya kwenye boksi isahau kabisa. Amplifaya inayolishwa volti 12 moja kwa moja, bila kifaa cha kupandisha volti ndani yake, ikisukuma spika ya omu 4, inaishia kama wati 18 kila upande. Ukizidisha hapo sauti inapasuka. Chaji ikipanda hadi volti 14.4 utapata kama 26. Huo ndio ukomo wa umeme wenyewe, awe nani aliyeitengeneza.

Na hizo 18 ni za kilele. Muziki una kupanda na kushuka, hivyo kwa sauti ya kawaida mzigo wa wastani ni mdogo kuliko hapo, na redio ya mazungumzo inakula kidogo zaidi. Cha kuangalia ni aina ya amplifaya. Zile za daraja D zinageuza karibu umeme wote unaoingia kuwa sauti. Za mtindo wa zamani wa AB, hata zikifanya kazi vizuri, karibu nusu inaishia kwenye joto. Ukishika bati lake la nyuma utalisikia. Kwa betri ya 5Ah usinunue ya AB.

Nduthi254

Niko Nakuru. Mimi nilitumia hiyo seti ya usukani kwa nduthi yangu ya 100cc, so nitasema ile ya pili pekee.

Sauti iko sawa, FM inashika vizuri, na ukisimama stage watu wanasikia. Shida yangu haikuwa muziki. Ilikuwa alamu. Seti ikiwa imezimwa, bado inangoja rimoti usiku kucha. Nilipima nikapata miliampea 30. Hesabu mwenyewe: 30 mara saa 24 ni 0.72Ah kwa siku. Betri ya 5Ah hata ikiwa mpya inaisha kwa wiki moja nduthi ikikaa nyumbani. Nilienda ushago siku tisa kumzika nyanya, niliporudi ilikuwa imekufa kabisa, na betri ya risasi ikikaa bila chaji hivyo hairudi vile ilikuwa. Nilinunua nyingine.

Kama utaichukua, toa laini ya alamu ama uweke swichi ya kukata waya wote wa chanya. Na usifungulie sauti hadi mwisho mtaani. Huku Kenya kuna kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009, na hata bila kanuni, kuna wagonjwa na watoto wamelala.

NesiWaKilosa

Kaka, naomba nizungumzie masikio yako kwanza, umeme baadaye. Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ni ya malori, na Dumila iko humo humo. Mimi hupokea majeruhi wa pikipiki. Siwezi kukwambia nani alikuwa na muziki na nani hakuwa nao, lakini najua mwendesha pikipiki anaokolewa na kusikia honi ya nyuma yake sekunde moja mapema. Sauti iwe ya kiasi ambacho honi inaipita.

Natumia njia ya kwanza, mwaka wa tatu sasa. Spika yangu ni ya ukubwa wa kiganja. Siifungi kwenye usukani, kwa sababu pale upepo unaichukua sauti na mtetemo unaifungua polepole hadi inadondoka. Nimeshona mfuko mdogo kwenye kamba za begi langu kifuani, spika inaangalia juu kuelekea kidevu. Hapo nasikia maneno yote nikiwa kwenye mwendo wa 50. Ikifika 70 sisikii, na sijutii.

Pikipiki yangu sijaigusa hata waya mmoja. Naichaji spika nyumbani usiku. Ukitaka kuichaji njiani, chaja nzuri ya USB inayotoa 5V kwa ampea 2 inavuta kama ampea moja tu kwenye betri yako.

KijanaWaKariakoo

Mbona rahisi? Toa globu ya mbele ya wati 35, weka LED ya wati 12. Umeokoa wati 23, hizo ndizo za muziki. Mimi wateja wangu wote nawashauri hivyo.

FundiWaya_Mbagala

Mdogo wangu, hapo simama kidogo, maana watu wengi wanatoa hela kwa hesabu hiyo na haiwasaidii.

Kwenye pikipiki nyingi za zamani, koili ya chaji upande mmoja umefungwa kwenye ethi, yaani chuma cha pikipiki, ndani ya injini. Rektifaya, kifaa kinachonyoosha umeme wa koili ili betri iupokee, inachukua nusu ya wimbi inapeleka kwenye betri, nusu nyingine inakwenda taa ya mbele kama umeme wa AC, yaani unaogeuka-geuka mwelekeo. Ni pande mbili ambazo hazipeani. Ukipunguza mzigo wa taa, umeme uliobaki unamwagwa na rejuleta (kidhibiti cha volti) kwenye ethi. Betri haipati kitu. Juu ya hayo, LED nyingi ukiziunga kwenye AC hiyo zinapepesa, na hazikai.

Kujua pikipiki yako iko upande gani ni rahisi: zima injini, swichi ibaki imewashwa. Taa ya mbele ikizimika huku indiketa zinafanya kazi, taa iko kwenye AC. Na kwa jinsi MzigoWaMoro anavyosema inafifia injini ikitulia, nina hakika yake ni hivyo.

LED zinazosaidia betri ni za indiketa, wati 10 kila moja, na ya breki, wati 21. Hizo zinakula betri moja kwa moja. Ukibadilisha indiketa badilisha na flasha yake (kile kifaa kinachozipepesa), la sivyo zitapepesa mbio.

Kama unataka kweli kuongeza chaji, kazi yenyewe ni kufungua magneto (jenereta ya injini), kuinua ule mwisho wa koili kutoka kwenye ethi, kutoa ncha zote mbili nje, na kuweka rektifaya ya wimbi zima. Baada ya hapo taa zote zinahamia kwenye betri, na hapo ndipo LED ya mbele inapokuokolea umeme. Nimefanya nyingi na zinadumu. Ila ni kufungua ubavu wa injini na kuchomea risasi kwenye koili ya miaka mingi ambayo waya wake umeshakauka. Mkono ukitetemeka, umenunua koili.

KijanaWaKariakoo

Nimekuelewa fundi. Nimejaribu hapa kwenye moja ya zamani, kweli taa imezimika indiketa zikabaki. Nitabadili ushauri wangu kwa wateja.

VespaMjiMkongwe

Salaam kutoka Unguja. Mimi ni wa Vespa, PX ya zamani isiyo na betri kabisa. Umeme wote wa taa ni wa AC. Kwangu hapakuwa na pa kuchomeka redio, basi nikafuata ile njia ya tatu, ambayo bado hamjaigusa: muziki uwe na betri yake, na usijuane na chombo.

Mwanzo nilitumia betri ya risasi iliyozibwa, 12V 7Ah, zile za UPS. Hiyo ni kama wati-saa 84, na ukiipenda betri yako utumie nusu tu. Kwa mzigo wa wati 10 nilipata saa nne. Nzito, kilo mbili na ushei, nayo iliisha nguvu baada ya muda. Sasa nina ya LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu) ya 6Ah, kama wati-saa 77, naweza kuitumia karibu yote, na uzito hauzidi kilo moja. Ichajiwe kwa chaja yake maalumu ya 14.6V, wala usiiunge pamoja na betri ya pikipiki.

Spika chagua zenye koni ya plastiki. Huku kwetu chumvi, huko kwenu vumbi na masika. Koni ya karatasi ikilowa mara mbili imekwisha. Viungo vya waya vyote chomea risasi na uvishe mpira wa joto. Waya uliosokotwa ukafungwa utepe mweusi huota kutu ya kijani ndani, nawe huioni.

FundiWaya_Mbagala

Wazo zuri hilo, ndugu yangu wa Vespa.

MzigoWaMoro, kabla hujaamua fanya jaribio moja ninalowafanyisha wateja wangu. Chukua globu ya indiketa ya wati 10, iunge kwenye betri kupitia fyuzi ndogo, pale pale amplifaya itakapokaa. Huo ndio muziki wako wa bandia. Pima betri kabla ya kuondoka, endesha safari yako ya kawaida, ukirudi zima kila kitu, iache ipumzike saa moja, upime tena. Mita itakujibu kuliko sisi sote humu.

MzigoWaMoro

Nimerudi wakuu, wiki mbili nilikuwa napima.

Injini ikiwa imetulia napata 12.6 kwenye betri, nikipiga resi ya kati inafika 13.7. Taa ya mbele ni AC kama fundi alivyosema. Globu nimeifunga, nikaenda Dumila na kurudi: nilitoka na 12.6, nikarudi na 12.5. Nilifurahi. Kesho yake nikazunguka nayo mjini, sokoni, Msamvu, foleni, kusimama na kuondoka. Nikarudi na 12.2.

FundiWaya_Mbagala

Hapo umeshajua pikipiki yako. Kwenye lami ndefu inabeba wati 10. Mjini haibebi, inakopa kwenye betri.

Ukiamua kuunga moja kwa moja, inawezekana: fyuzi ya 5A isizidi shubiri moja kutoka kwenye chanya ya betri, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayoamshwa na swichi ya ufunguo ili usisahau kuzima, waya wa milimita 1.5, na hasi ya amplifaya irudi kwenye hasi ya betri, si kwenye fremu. Hasi ikifungwa kwenye fremu ndipo unapopata ule mlio unaopanda na kushuka na injini. Ukibaki mkwaruzo unaofuata plagi, weka plagi yenye herufi R au kifuniko cha plagi chenye rezista. Na waya ukipita kwenye shingo ya usukani, kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho kabla hujafunga.

Mjini uwe unazima. Ndiyo sharti.

MzigoWaMoro

Fundi, asante sana, nimeelewa kila kitu. Ila jana nilipofungua tenki nikaangalia nyaya, nikakuta mzee aliziviringisha kwa uzi wa nailoni, kila baada ya vidole vinne, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Hakuna kiungo hata kimoja kilichoongezwa. Sikuweza kukata.

Nimechukua njia ya Vespa. Amplifaya ya daraja D, spika mbili za inchi 4 zenye koni ya plastiki, betri ya LiFePO4 6Ah, vyote ndani ya boksi la mbao kwenye keria, pale pale redio yake ilipokuwa inafungwa. Fyuzi iko ndani ya boksi. Kwenye pikipiki sijagusa waya.

Nduthi254

Nyuma kwa keria unasikia kweli? Si upepo unarudisha sauti nyuma?

MzigoWaMoro

Nikizidi 60 sisikii vizuri, hasa maneno. Nimeelekeza spika mbele na juu kidogo, kwa mwendo wa 50 taarifa ya habari naisikia, na honi za malori zinaipita, dada Nesi. Betri nimeichaji Jumapili, leo Alhamisi bado inapiga. Jana nilipofika Dumila, mzee mmoja aliyekuwa mkulima wa baba alitoka nje ya nyumba kabla sijazima injini.