Wauza magari, hiyo "linavuta tani mbili na nusu" yenu itatuua kwenye mteremko wa boti

Wakuu, salaam. Nina hasira na leo naimwaga yote.

Nilienda kwa muuzaji na maelezo kamili: boti ya faiba ya mita 6, mashine ya nje ya HP 150, tela la ekseli mbili, na kwamba kila nikienda majini nashusha na kupandisha mwenyewe kwenye mteremko wa zege unaoingia majini. Nikauliza kama nahitaji 4x4. Jibu: "Gari hili linavuta kilo 2,500, boti yako ni kilo 1,300, nguvu itabaki. Ya kuendeshwa na tairi za mbele inakutosha kabisa."

Kilo 1,300 ni bodi tupu ilivyotoka kiwandani! Funga mashine, kilo 220. Lita 200 za petroli ni karibu kilo 150. Tela lenyewe 550. Betri, nanga na minyororo yake, makoti ya kuokolea, boksi la barafu, maji ya kunywa, weka 130. Jumla kilo 2,350. Na wauza boti nao hawana tofauti, wanatangaza uzito mkavu kana kwamba kuna mtu anayevua samaki bila mashine wala mafuta.

Mtu atasema 2,350 bado iko ndani ya 2,500. Hapo ndipo wanapotupiga. Sehemu ya uzito wa tela inakaa juu ya kiungio, kile chuma cha nyuma ya gari kinachoshika tela. Wengi wanalenga karibu asilimia 10, maana ikipungua sana tela linaanza kupiga mkia ukishika mwendo, na likishaanza hapo ni kumwomba Mungu. Asilimia 10 yangu ni kilo 235, na hizo zinahesabiwa kwenye mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye fremu. Changu kinasema kilo 480, watu na mizigo pamoja. Toa 235, zinabaki 245. Watu wazima wanne hawaenei humo, na gari nimeuziwa kama la familia, viti saba!

Halafu hiyo 2,500 ni kwa tela lenye breki zake. Lisilo na breki, magari mengi mwisho wake ni kilo 750. Kiungio nacho kina kibao chake cha uzito wa mwisho, na namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Yote haya yamo kwenye kitabu cha gari, ambacho unakabidhiwa ukishalipa.

Sasa njooni mteremkoni. Kushusha hakuna shida, boti inateleza yenyewe. Kazi ni kupandisha. Pua ya gari inatazama juu, uzito wote unahamia nyuma, kiungio kinakandamiza mkia, na tairi za mbele, ambazo ndizo pekee zenye kazi ya kuvuta, zinabaki zimegusa chini kwa heshima tu. Zege limelowa, lina ule utelezi wa kijani wa mwani. Nakanyaga mafuta taratibu, tairi zinazunguka papo hapo. Nikiachia, gari linarudi nyuma kuelekea majini, nusu mita, huku mwanangu amesimama pembeni ya tela ameshika kamba. Nikampigia kelele atoke. Breki ya mkono kwenye gari hili inakamata tairi za nyuma, na za nyuma ndizo zilizokuwa kwenye utelezi. Kilichotuokoa ni kabari za mbao na mzee mmoja mwenye pikapu ya 4x4, aliyeingiza gia ya chini akatuvuta kwa mnyororo kama hakuna kitu. Pikapu yake ni kuukuu kuliko gari langu, wala kwenye matangazo haina namba kubwa.

Niliporudi kulalamika nikaambiwa gari halina kasoro, tatizo ni mteremko. Jamani! Boti inaingia majini kupitia wapi kama si mteremkoni? Na giaboksi sasa inanuka oili iliyoungua kila nikipanda kilima na tela. Nimeuliza kama ina kipoozeo cha oili yake, nikaambiwa hicho kinauzwa peke yake.

Ninachodai ni kidogo. Muuzaji akisikia neno boti, ataje uzito unaoruhusiwa juu ya kiungio, mzigo wa kibandiko, na tairi zipi zinavuta. Kisha ndiyo aseme hizo tani zake. Na mteja aruhusiwe kulijaribu gari akiwa na tela lililojaa, kwenye mteremko wenye maji. Anayekataa hilo anajua anachoficha.

Wenye boti za mita 5 hadi 7, naomba mtaje mnavuta na gari gani, na uzito wenu halisi wa kwenye mizani ya magari, siyo wa kwenye tangazo. Hili la kwangu naliuza, na atakayelinunua nitamwambia wazi lisisogezwe karibu na boti.