Nyonga bandia kwa mwenye misuli inayokakamaa: kikombe kipi kati ya hivi vitatu?

DadaMkubwa: Wadau, mdogo wangu ana miaka 38 na ana mtindio wa ubongo. Miguu inakakamaa na kujivuta ndani kama mkasi. Anatembea kwa magongo, ila nyonga ya kulia imelika, usiku halali. Daktari ametaja njia tatu za kikombe, yaani ile sehemu ya nyonga bandia inayokaa kwenye nyonga na kupokea kichwa cha duara cha upande wa paja: kikombe cha kawaida chenye kichwa kikubwa, kikombe cha mizunguko miwili, au kile chenye pete inayokibana kichwa kisichomoke. Aliyepitia anisaidie.

Fizio: Pole kwa kuuguza, dada. Kwa mtu wa hivi ninachohofia zaidi ni nyonga kuchomoka. Misuli ya ndani ya paja inavuta goti kuelekea upande wa pili. Akikunja nyonga hapo hapo, kichwa kinatokea nyuma. Kichwa cha milimita 36 ni kigumu kuchomoka kuliko cha 28, lakini kwa anayekakamaa sana nisingekitegemea peke yake. Cha mizunguko miwili kina kichwa kidogo ndani ya tufe la plastiki, na tufe nalo linazunguka ndani ya kikombe. Kilibuniwa Ufaransa na Gilles Bousquet miaka ya 1970.

Mkongojo: Mimi nina cha pete. Polio ya utotoni, kwa hiyo mimi sikakamai, nimelegea. Hakuna msuli wa kushikilia kiungo. Hakijachomoka hata siku moja. Ila sikunji nyonga kama zamani, na daktari alinionya mapema: ile nguvu ambayo ingechomoa kichwa inahamia kwenye mfupa, kikombe kikalegea. Kwa mdogo wako anayevutwa mchana na usiku, ningesita.

DadaMkubwa: Basi cha mizunguko miwili hakina kasoro?

Fizio: Kinayo. Plastiki ikilika, kichwa kidogo kinaweza kutoka ndani ya tufe lake, na hapo ni kurudi kupasuliwa. Bado ndicho ningekiulizia kwanza. Muulizeni pia kama atalegeza kano za ndani ya paja siku hiyo hiyo, au atachoma sindano ya botulini ya kulegeza misuli. Misuli ikiachwa ivute vilevile, mtakuwa mmebadilisha chuma tu.

MkeWaFundi: Nyie mmeshikilia chuma, mimi naleta habari ya dawa za usingizi wa upasuaji. Mume wangu ana ugonjwa wa kudhoofika misuli wa kurithi. Kuna dawa ya kulegeza misuli, suksametoniamu, ambayo kwa watu kama yeye inaweza kupandisha potasiamu ghafla na kusimamisha moyo. Yeye alichomwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Mgonjwa wako ni tofauti, lakini kama anameza baklofeni, dawa ya kupunguza kukakamaa, isikatwe ghafla kwa sababu ya upasuaji.

Mgeni22: Sisi tuliambiwa kichwa cha mfupa kikatwe, pasiwekwe kitu.

Fizio: Hiyo mara nyingi ni kwa asiyetembea, kupunguza maumivu na kurahisisha kumsafisha. Mguu unakuwa mfupi. Anayetembea, kama huyu wa dada, hiyo iwe ya mwisho kabisa.

DadaMkubwa: Asanteni. Habari ya kano hatukuwa tumeisikia kabisa, naiandika. Yeye mwenyewe ana swali moja tu: ataweza kulalia ubavu?

Mkongojo: Mimi nalala hivyo. Mwanzoni walinikataza, waliporuhusu ikawa lazima mto mnene katikati ya mapaja. Mwambie auzoee mto kuanzia sasa.